Shimo la Mlangoni

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne Mei, saa tatu na robo asubuhi, kikombe cha pili cha kahawa kikiwa bado kinafuka moshi mezani. Mpaka saa tatu kamili Vern Hyrkas alikuwa mtu mwenye baraza jipya la mbao mbele ya nyumba yake. Lilikuwa limenyooka, linanukia msonobari, na ubavuni lilikuwa na njia ya mteremko inayoshuka taratibu mpaka kwenye changarawe ili kiti cha magurudumu kipite. Robo saa baadaye alikuwa mtu mwenye karatasi nyekundu.

Aliyeileta ni Skoglund, mkaguzi wa majengo, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye buti safi ambazo hazikuwahi kukanyaga tope la maana. Alilizunguka baraza mara moja, akainama, akachungulia chini ya boriti kama anayetafuta paka aliyepotea. Kisha akasimama, akajifuta magoti, akauliza swali moja tu.

"Mashimo aliyaona nani?"

"Mashimo gani?"

"Ya nguzo, Mzee Hyrkas. Kabla hamjamwaga zege."

"Niliyaona mimi," Vern akasema. "Nilikuwa ndani yake."

Skoglund hakucheka. Alitoa nakala ya kibali akaikunjua juu ya boneti ya gari lake. "Hapa. Futi tatu na nusu kwenda chini, kupita pale baridi inapoishia kugandisha udongo. Na mkaguzi aone mashimo yakiwa wazi. Mimi naamini umechimba, mzee wangu. Lakini sikuajiriwa kuamini. Niliajiriwa kuona."

"Unakuja Jumatano tu! Kata nne, mkaguzi mmoja, siku moja kwa wiki. Watu walikuwa hapa Jumamosi, kumi na mmoja, na mashine ya zege. Ulitaka niwaambie warudi makwao na makoleo yao mpaka bwana mkubwa apate nafasi?"

"Nilitaka usubiri."

"Ijumaa mama mkwe wangu anarudi kutoka hospitali. Ijumaa hii. Hana mlango mwingine wa kuingilia."

"Nimesikia, na nakupa pole. Lakini sheria sikuitunga mimi."

"Hakuna hata mmoja wenu aliyeitunga," Vern akasema. "Miaka sitini na mitatu naishi hapa, sijawahi kukutana na mtu aliyetunga sheria hata moja. Zinaota zenyewe kama uyoga."

Skoglund akachukua stepla. Tak, tak, tak, tak, mara nne, kwenye nguzo ya mbele inayotazama barabara, pale ambapo kila apitaye na gari angeiona. LISITUMIKE. Vern alitazama zile pini zinavyoingia kwenye mbao mpya aliyoilainisha kwa msasa usiku na mchana, akahisi kama zinaingia kwenye kucha zake.

*

Impi Salmela, mama mkwe wa Vern, alikuwa na miaka themanini na minne na ulimi wa mtu wa thelathini. Februari aliteleza kwenye barafu akitoka sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, nyonga ikavunjika. Tangu hapo alikuwa kwenye kituo cha mazoezi ya viungo cha hospitali, mwendo wa saa moja kwa gari, akiwagombeza wauguzi kwamba kahawa yao ni maji ya kuoshea masufuria. Sasa bima ilikuwa imesema inatosha, siku zake zinakwisha Ijumaa. Na Bi. Pruitt, mama wa ustawi wa jamii, alikuwa amepiga simu na sauti yake ya pamba: ama nyumba iwe na njia isiyo na ngazi, iliyosainiwa na mkaguzi, ama bibi apelekwe kwenye nyumba ya wazee huko kusini, maili mia na kumi, "kwa muda."

Kwa muda! Kanisani kwao wazee watatu walikuwa wamekwenda huko kwa muda. Wote watatu walirudi ndani ya sanduku.

Nyumba yenyewe ilikuwa imeinuliwa kama nyumba zote za kule, maana theluji ikianza Novemba haiulizi. Mlango wa mbele ulikuwa na ngazi tano na kibaraza cha zamani kilichooza. Ndiyo maana Vern alikibomoa, akakata kibali, akanunua mbao kwa dola elfu mbili mia nne ambazo hakuwa nazo, akachimba mashimo tisa kwa mkono wake. Na Jumamosi watu wakaja. Hawakualikwa kwa barua. Kule mtu akionekana anachimba nje ya nyumba yake, watu huja na koleo na sufuria ya chakula. Ray Tervo, jirani, alileta mashine ya zege. Jumapili hakuna anayeshika nyundo, na redio ilikuwa imetangaza mvua. Jumatatu kila mtu ana kazi yake. Sasa mashimo yabaki wazi yajae maji kwa sababu ya Skoglund?

"Baba, karatasi inasema aone kwanza," Kaisa alimwambia Jumamosi ile, ameshika tepu ya kupimia. Kaisa alikuwa binti yake, mtoto pekee, miaka ishirini na tisa, mpishi wa shule.

"Karatasi ipo kwenye friji. Mvua ipo njiani."

Wakamwaga. Mashimo manane yalifika futi tatu na nusu, mengine yakapita. La tisa, lile la mlangoni kabisa, liligota. Futi mbili na mtaimbo ukalia ngaa! Jiwe. Ray alichungulia akasema, "Jiwe ni jiwe, bwana we. Limekaa hapo tangu enzi za Nuhu, litakwenda wapi? Mwaga." Watu wakacheka. Vern hakucheka, lakini alimwaga. Jumatatu na Jumanne akapigilia mbao mwenyewe mpaka baraza likaisha.

Alilijua jiwe lile. Alikutana nalo mwaka wa tisini na nne, alipojenga kibaraza cha kwanza, ameoa juzi tu. Halikuwa mwamba. Lilikuwa bonge la mawe ya mgodi, yale yaliyomwagwa kila mahali wakati wa machimbo ya shaba na wakubwa wa kampuni ambao baadaye walifunga virago na kuacha mawe. Jiwe kama hilo, maji yakiingia chini yake yakaganda, huinuka. Na kilicho juu yake huinuka nalo.

*

Mchana ule wa Jumatano Vern alikwenda ofisi ya mji. Karani alikuwa anakula. Aliendelea kula.

"Ukaguzi wa pili ni dola sabini na tano," akasema mwishowe, akifuta mdomo. "Na tarehe ya karibu ni Jumatano ijayo."

"Ijumaa nina mgonjwa."

"Kila mtu ana mgonjwa, mpenzi. Jaza hapa. Jina la ukoo kwa herufi kubwa."

Akajaza. Mkono wake ulikuwa mzuri kwa msumeno, si kwa kalamu. Aliishia darasa la kumi, akaingia kiwanda cha mbao, na kiwanda kikafungwa. Karani aligeuza fomu akaitazama kama anayesoma mikwaruzo ya kuku.

"Hii ni H?"

"Ni H."

"Haifanani na H."

"Wale wa kule ziwani," Vern akasema, na sauti yake ikapanda bila ruhusa yake, "wale waliojenga baraza kubwa kama ukumbi wa ngoma, na bafu ya maji moto juu yake, wale walisubiri Jumatano ngapi?"

Karani akachukua chumvi, akanyunyizia yai lake. "Wale wana mkandarasi," akasema. "Mkandarasi anajua kujaza fomu."

Alitoka nje akakaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Hakuweza kutulia. Alifungua dirisha, akalifunga. Aliwaza kung'oa ile karatasi nyekundu. Aliwaza kumbeba Impi mgongoni, apande naye ngazi kama gunia la viazi, waone watamfanya nini. Mwishowe akarudi nyumbani kwa mwendo wa kasi, ingawa nyumbani hakukuwa na cha kuwahi.

*

Kaisa alimkuta anazunguka baraza, jua la jioni bado liko juu ya misonobari. Alikuwa bado na aproni ya shule.

"Nimempigia Skoglund," akasema.

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Nimemwambia tafadhali. Ni neno la kawaida tu, Baba, halichomi mdomo. Kesho saa sita atatumia muda wake wa chakula kupita hapa. Anasema tufukue nguzo moja, pembeni yake, mpaka chini, aone mwisho wa zege. Moja tu. Ikifika futi tatu na nusu, anasaini."

Vern aliacha kuzunguka. "Nguzo ipi?"

"Yoyote. Anasema uchague wewe."

Wakatazamana. Kaisa ndiye aliyeshika tepu Jumamosi. Ndiye aliyesoma "inchi ishirini na nne" kwa sauti, futi mbili tu, kwenye shimo la tisa, kabla Ray hajaanza mambo yake ya Nuhu.

"Basi tumepona," Vern akasema. "Nitafukua ya kona."

"Na ya mlangoni?"

"Ya mlangoni nitairekebisha mwenyewe, kabla ya theluji. Nitakodi mashine ya kupasulia mawe, ninyanyue boriti kwa jeki, nimwage upya. Miezi sita ninayo."

"Kabla ya theluji," Kaisa akarudia. "Hivyo ndivyo ulivyokuwa unamwambia Mama."

"Usianze."

"Kila mwaka. Baraza linapanda, mlango wa nje unakwama, na kila masika unautoa, unaulaza juu ya meza, unapiga randa chini kama mtu anayenyoa ndevu. Na unasema, mwaka huu, kabla ya theluji."

"Nani hapa hapigi randa mlango wake? Ray anapiga randa. Mchungaji anapiga randa!"

"Mchungaji hakufiwa na mke mlangoni."

Vern aliinua mkono, si kumpiga, bali kama mtu anayezuia mwanga machoni. Kisha maneno yakamtoka kwa mpangilio uleule, kama yalivyomtoka mbele ya kila kikombe cha kahawa kwa miaka mitatu. "Mama yako waliomuua ni walioondoa gari la wagonjwa hapa mjini wakaliweka huko makao makuu ya wilaya ili kubana matumizi. Dakika hamsini, Kaisa! Saa sita na dakika kumi nilipiga simu, saa saba kamili ndiyo wakafika. Mwanamke kifua kinambana dakika hamsini. Hao ndio waliomuua. Wana ofisi, wana viti vya kuzunguka, hakuna aliyelala rumande hata usiku mmoja."

"Hamsini nazijua. Nimezila na uji kila asubuhi." Kaisa alivua aproni, akaikunja, akaikunja tena. "Na zile sita?"

Vern alishusha mkono.

"Zipi sita?"

"Bibi aliniambia. Wale vijana wa gari la wagonjwa walisimama hapo nje na machela, mlango haufunguki, baraza limepanda limeukaba kwa chini. Ninyi wiki nzima mlikuwa mnapitia chini ya nyumba, kwenye ghala, na machela haipindi kwenye ngazi za ghala. Mpaka ulipoupasua mlango kwa shoka. Bibi alikuwa anatazama saa ya ukutani. Dakika sita."

"Impi ni mzee. Anachanganya."

"Bibi hajawahi kuchanganya kitu maishani mwake, hata sukari na chumvi."

Vern aligeuka, akachukua koleo lililoegemea nguzo ya kona, akaanza kufukua. Alifukua kama anayekimbizwa. Kaisa alisimama kidogo, kisha akaingia ndani kwa kupitia ghala, maana baraza lilikuwa limekatazwa.

*

Alhamisi saa sita na dakika tano Skoglund alifika na mkate wake wenye nyama mkononi. Shimo lilikuwa wazi pembeni ya nguzo ya kona, safi, kuta zake zimekatwa wima kama za kaburi. Vern alikuwa amenyoa ndevu. Kaisa aliomba ruhusa kazini, akasimama kando mikono kifuani.

Skoglund alishuka na tepu. Tope likapanda mpaka kwenye yale mabuti safi, na Vern akaona raha kidogo, raha ya bure.

"Futi tatu na inchi tisa," sauti ikatoka shimoni. "Umezidisha."

"Sisi tunachimba," Vern akasema.

Mkaguzi akapanda, akajipangusa. Alikuwa amefurahi kweli, uso wake ukaonekana wa mtu wa kawaida mwenye njaa. "Mzee Hyrkas, nikwambie kitu. Kama kila mtu angechimba hivi nisingekuwa na kazi. Wale wa ziwani nimewabandika karatasi mara mbili, ulijua hilo? Mkandarasi wao alinidanganya machoni." Akatoa kalamu. "Sasa, lazima niulize, fomu inauliza. Nguzo zote tisa zimefika hivi?"

Vern alitazama kalamu.

"Zote," Vern akasema.

"Dada, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilishika tepu."

"Na zote zimefika?"

Kaisa alimtazama baba yake. Alitazama mlango, na alama ya mviringo ya zege jipya chini ya boriti ya mlangoni, kijivu kilekile kama zingine nane. Kisha akatazama simu aliyoshika mkononi, ambayo asubuhi ile Bi. Pruitt alikuwa ameitumia ujumbe: gari la kwenda kusini lipo tayari pia, tujulishe kabla ya saa tisa.

"Aliyechimba ni baba," akasema. "Mimi nilikuwa nasoma namba tu."

"Haya." Skoglund aliandika. Alisaini kwa mkwaruzo mmoja, akaenda kwenye nguzo ya mbele, akang'oa karatasi nyekundu kwa kucha, pini moja baada ya nyingine, kwa uangalifu asichubue mbao. "Msalimieni bibi. Mwambieni anaingia kwenye baraza bora kuliko yote katika kata nne."

Gari lilipoondoka, Kaisa alisema, "Mkandarasi wao alimdanganya machoni. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nilitaka tu kujua kama umesikia."

*

Mchana ule Vern hakwenda kupumzika. Karatasi ya saini ilikuwa ndani, kwenye friji, na mtu mwingine angekaa kwenye baraza lake jipya akanyoosha miguu. Yeye alitambaa chini ya boriti za mlangoni na koleo fupi na mtaimbo. Palikuwa na nafasi ya kulala ubavu tu. Alichimba pembeni ya nguzo ya tisa mpaka akaliona jiwe, jekundu kwa kutu, na mshipa mdogo wa kijani wa shaba ukipita katikati kama mshipa wa mkono wa mzee.

Alilipiga. Ngaa! Akalipiga tena. Kipande kikaruka kikamkata juu ya jicho. Aliendelea kupiga, damu na jasho vikimwingia, akiitaja kampuni iliyomwaga jiwe lile, na serikali iliyoiachia iende, na waliofunga kiwanda, na waliohamisha gari la wagonjwa, na bima, na karani na yai lake; kila jina pigo moja. Jiwe lilitoa vipande vya ukubwa wa kunde. Baada ya saa moja majina yalimwishia, na jiwe lilikuwa palepale.

Alilala chali kwenye udongo. Juu yake, katika nyufa za mbao, aliona vipande vyembamba vya anga. Alijisikia akimwambia marehemu mkewe kwa sauti, bila mtu wa kumsikia: "Kabla ya theluji, Lorene." Na mara tu aliposema, aliona aibu, akatambaa kutoka haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Ray Tervo alikuwa amesimama kwenye changarawe na sufuria ya supu mkononi.

"Bwana we, umepigana na dubu?"

"Nilikuwa naangalia kitu."

"Saini umepata. Unaangalia nini tena? Acha kusumbua nguzo za watu." Ray akaweka sufuria juu ya baraza, akalipapasa kwa kiganja. "Kanisa zima linakuja kesho kumpokea Impi. Mke wangu anaoka mkate wa iliki. Osha uso, utamtisha bibi afe hapohapo getini."

*

Ijumaa saa nane mchana gari jeupe la wagonjwa liliingia kwenye changarawe. Watu kumi na wawili walikuwa wamesimama pembeni, wamevaa kama wa Jumapili, makoti yamefungwa maana upepo wa ziwani haujui kwamba ni Mei. Dereva, mwanamume mnene mwenye subira, aliteremsha kiti cha magurudumu kwa lifti ndogo ya nyuma. Impi alikuwa ndani yake, mdogo kuliko alivyoondoka, kilemba cha sufu kichwani, mkoba umekumbatiwa.

"Mbona mmejipanga hivyo?" akasema. "Nani amekufa?"

Wakacheka wote, wengine wakafuta macho. Mke wa Ray alimbusu. Kaisa alipiga magoti akamshika mikono yote miwili.

"Umekonda, mjukuu wangu. Hawa watoto wa shule wanakula chakula chako chote?" Kisha akamwona Vern, na plasta juu ya jicho lake. "Na wewe nani kakupiga?"

"Karibu nyumbani, Mama."

"Nitakaribia nikishafika ndani. Nikiingia tu, huyu bwana ana karatasi ya kusainiwa. Nisipoingia ananipeleka kusini, kaniambia njiani. Mtu mwaminifu."

Dereva alitabasamu, akatikisa ubao wake wenye karatasi. "Ndivyo inavyosema, bibi. Nione kiti kinapita mlangoni, mwenyeji asaini, naondoka."

Vern alishika mipini ya kiti. Alimsukuma juu ya mteremko, na mbao zikanguruma taratibu chini ya magurudumu, ngurumo nzuri, sawasawa, bila kutikisika. Watu wakafuata nyuma yao kama msafara wa harusi. Ray alipiga nguzo kofi na kusema, "Tembo anaweza kupita hapa!" Kwenye kona Impi aligeuza kichwa akatazama uwanja, sauna, kamba ya nguo, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Lorene angelipenda hili," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Wakafika mlangoni. Kaisa aliuvuta mlango wa nje. Ulifunguka kwa wepesi, ukipita juu ya mbao kwa nafasi ya kidole kimoja, na ndani harufu ya kahawa na iliki ikawapokea. Magurudumu ya mbele yalikuwa tayari kugusa kizingiti.

"Simama," Impi akasema.

Vern akasimama. Watu wote wakasimama nyuma yake kwenye mteremko. Bibi kizee aliinama kwenye kiti chake mpaka Kaisa akamshika bega asianguke. Aliingiza kidole kimoja chini ya mlango, kwenye ile nafasi, akakipitisha polepole kutoka bawabani mpaka kitasani, kama mtu anayepima vumbi. Kisha akakaa sawa. Alishika fremu ya mlango kwa mkono wa kulia, mkono wenye nguvu kuliko ulivyoonekana, na kiti hakikuweza tena kwenda mbele.

"Jamani, kahawa inapoa," Ray akasema kwa nyuma.

Dereva alitazama saa yake, akatazama ubao wake, akatazama pembeni kwa adabu. Kaisa alikuwa ameinamisha kichwa, ameushika mlango wazi kwa mgongo wake, na upepo ukiusukuma.

"Vern," Impi akasema, bila kugeuka, bila kupandisha sauti. "Wewe ni mume wa mwanangu, nami nitakuamini utakachosema. Hapa mlangoni, mwanangu, mlichimba mpaka wapi?"